Mlima Hupimwa Kutoka Wapi?



Methali isemayo "Milima haikutani, binadamu hukutana" ni miongoni mwa zile tunazozifundisha mapema kabisa. Madhumuni yake ni kuwatahadharisha watu wasitendeane ubaya, kwani hakuna ajuaye atakutana na nani kesho. Siku moja, katika darasa langu la Kidato cha Pili hapa Kampala, nilikuwa nikiieleza methali hiyo kwa mazoea ya miaka mingi, mvulana mmoja wa safu ya nyuma akanyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, ikiwa milima haikutani, watu hujuaje upi umeupita mwenziwe?"

Darasa lilicheka, nami nikacheka pamoja nalo. Nikamjibu kwa haraka kwamba wako wapimaji, na kwamba Kilimanjaro una mita 5,895 ilhali kilele cha Margherita katika Rwenzori kina mita 5,109, basi Kilimanjaro ndio uliopita. Kijana hakuridhika. Alikuwa amesoma mahali kwamba katika sayari ya Mirihi uko mlima unaozidi Kilimanjaro zaidi ya mara tatu, naye alitaka kujua ni nani aliyeisimamisha milima hiyo miwili bega kwa bega. Sikuwa na jibu la kumpa. Kengele ililia, tukaagana.

Nimeona vyema nilete swali hili katika jarida letu. Sikusudii kuwafanya walimu wa lugha kuwa wanafalaki. Naliandika kwa sababu nimetambua, tena kwa kuchelewa, kwamba kijana yule aliniuliza juu ya kazi yangu mwenyewe. Swali lenyewe, likivuliwa nguo, ni hili: je, ni haki kuvilinganisha vitu viwili visivyosimama juu ya ardhi moja? Na kama ni haki, kwa kipimo cha nani?

Bahari isiyoonekana

Tuanze nyumbani. Sisi wakazi wa Kampala tumezoea vilima. Husemwa kwamba mji wetu ulijengwa juu ya vilima saba, na mtoto aliyekulia Mengo anajua kwa miguu yake, bila ya kufundishwa, tofauti ya kupanda Namirembe na kupanda Rubaga. Kwake yeye kilima huanza pale njia inapoanza kuinuka kutoka bondeni. Lakini akifungua kitabu cha jiografia ataambiwa kwamba Kampala iko yapata mita 1,190 juu ya usawa wa bahari. Bahari ipi? Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa, na wengi katika wanafunzi wetu hawajapata kuiona. Hata maji ya Ziwa Viktoria, tunayoyaona kila siku, yako zaidi ya mita 1,100 juu ya maji ya Mombasa. Pamoja na hayo tumekubali kwamba bahari ile iendelezwe kwa mawazo, ipite chini ya Voi na Nairobi na Kisumu, hata ifike chini ya nyumba zetu, ili vilima vyetu navyo vipate mahali pa kupimiwa.

Hapana ubaya katika makubaliano hayo. Bila ya kitu kama hicho, mtu wa Moshi na mtu wa Kasese wasingeweza kuzungumza habari za milima yao wakaelewana. Lakini tusisahau kwamba ni makubaliano, na kwamba yangaliweza kuwa mengine.

Kwa kipimo cha usawa wa bahari, Everest ndio mlima mrefu kuliko yote duniani: mita 8,848 na ushei, kama Nepali na Uchina zilivyotangaza pamoja mwaka 2020. Lakini tukiamua kupima kutoka mahali mlima wenyewe unapoanzia, uko mlima wa Mauna Kea katika visiwa vya Hawaii, ambao mita 4,207 tu ndizo zilizo juu ya maji. Sehemu yake kubwa imezama, na ukihesabiwa tangu sakafu ya bahari unapita mita 9,000. Wako hata wanaouhesabia zaidi ya 10,000, kwa kuwa hawakubaliani mlima umeanzia hasa wapi.

Tena kipo kipimo cha tatu. Dunia si mviringo kamili. Imevimba kiunoni, penye ikweta, hata masafa kutoka kitovu chake mpaka ikweta yanazidi yale ya kwenda kwenye ncha kwa kilomita 21 hivi. Kwa sababu hiyo kilele kilicho mbali kabisa na kitovu cha dunia si Everest, bali ni Chimborazo huko Ekwado, ambacho kwa usawa wa bahari kina mita 6,263 tu. Hapa namwomba msomaji wa Uganda atulie kidogo. Margherita yetu imekaa karibu kabisa na ikweta. Fanya hesabu, nawe utaona kwamba kilele chake kiko mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko kilele cha Everest, kwa karibu kilomita moja nzima.

Niliporudi darasani na habari hii wanafunzi walishangilia kana kwamba timu ya taifa imetia bao. Niliwaacha washangilie, kisha nikawauliza: mmeufurahia ukweli, au mmekifurahia kipimo kilichowapa ushindi? Wakanyamaza. Waama, kila mwamba ngoma huvutia kwake, na kila mwenye mlima hupenda kipimo kinachouinua mlima wake.

Milima ya Mwezi na milima ya mwezini

Nchi yetu ina bahati ya ajabu katika mazungumzo haya. Ptolemy wa Aleksandria, aliyeishi katika karne ya pili, aliandika kwamba maji ya Naili hutoka katika Milima ya Mwezi, na wengi wa wataalamu wa baadaye walilinasibisha jina hilo na Rwenzori. Mwaka 1906 mtawala mdogo wa Abruzzi, kutoka Italia, alikifikia kilele kirefu kuliko vyote akakipa jina la malkia wake, Margherita, ingawa Wakonjo walikuwa na majina yao ya milima ile tangu kale, na theluji ile kwao ni makao ya Kitasamba. Mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo mtu mzima angaliona haya kuliuliza: ni ipi iliyo mirefu, Milima ya Mwezi ya Uganda au milima ya mwezini kwenyewe?

Mtu aliyejaribu mapema kulijibu swali la namna hiyo ni Galileo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1610 alieleza jinsi alivyoona kwa darubini yake vilele vya mwezini vikimulikwa na jua hali ardhi iliyovizunguka ingali gizani. Kutokana na masafa baina ya vilele hivyo na ukingo wa mwanga alikadiria vimo vyake, akahitimisha kwamba milima ya mwezini inaipita milima ya dunia. Hesabu yake ya mwezi haikuwa mbaya hata kidogo kwa mtu wa zama zile. Alikosea upande wa pili: alidhani kwamba hapa duniani hapana mlima unaofika hata maili moja kwenda juu. Mtu alipima sawa mlima wa ugenini, akakosea ule wa kwao aliodhani anaujua. Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila alinganishaye.

Leo twajua kwamba mlima uitwao Huygens, miongoni mwa mirefu ya mwezini, unainuka yapata kilomita tano na nusu kutoka nchi tambarare iliyo chini yake. Ukisoma tarakimu tu utasema umeizidi Margherita. Lakini angalia: mwezini hamna bahari. Ziko zinazoitwa bahari, nazo ni nyanda kavu za mawe yaliyoyeyuka zamani na kugandamana. Basi Margherita imepimwa kutoka majini, na Huygens umepimwa kutoka bondeni. Ukitaka haki, ipime Margherita kutoka bonde la Semliki, lililo mita mia saba hivi juu ya bahari, nawe utapata mita 4,400 na ushei. Au fanya kinyume chake, uuwekee mwezi usawa wa kubuni. Na ndivyo wataalamu walivyofanya, wakichukua umbo la mpira lenye masafa ya kilomita 1,737.4 kutoka kitovu chake. Huo ni usawa usio na maji, usio na samaki, wala hakuna jahazi lililopata kupita juu yake.

Sasa twende Mirihi, alikotupeleka yule kijana. Mwezi wa Novemba mwaka 1971 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 9 kilifika kwenye sayari hiyo kikaikuta imefunikwa yote na tufani ya vumbi. Katika vumbi lile palionekana madoa machache meusi. Vumbi lilipotua ilibainika kwamba madoa yale ni vilele vya volkano zilizosimama juu ya tufani. Mkubwa wao ni Olympus Mons, wenye upana wa kilomita 600 hivi, hata ungewekwa ukingo wake mmoja hapa Kampala, wa pili ungeipita Nairobi. Kutoka nyanda zilizo kandokando yake unainuka karibu kilomita 22. Tena mteremko wake ni mpole sana, na mtu akisimama juu yake asingeuona kuwa ni mlima. Angeona ardhi yenye kuinama kidogo mpaka upeo wa macho.

Je, huko Mirihi wapimaji walianzia wapi? Kwanza walichagua ule usawa ambapo kanieneo ya hewa ni milibari 6.1. Kiasi hicho hakikuokotwa njiani: chini yake maji hayawezi kukaa katika hali ya umajimaji. Nilipoisoma habari hii iliniingia moyoni. Wanadamu walifika katika sayari isiyo na bahari, wakatafuta mahali pa kupimia, na wazo lililowajia lilikuwa bado ni maji. Tumezaliwa kando ya maji, na hata tunapokwenda mbali kiasi hicho twajitwika bahari yetu kichwani. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990, chombo kingine kiliipima sayari yote kwa mwale wa leza, na usawa ukawekwa upya kufuata nguvu ya mvutano wa sayari yenyewe. Ndiyo sababu vitabu vya zamani viliupa mlima ule kilomita 25 au zaidi, na vya siku hizi huupa 21 au 22. Mlima haukuporomoka. Walichopata watu ni vyombo bora na mahali pengine pa kuanzia.

Zuhura nayo ina milima ya Maxwell, yenye yapata kilomita 11 juu ya wastani wa uso wa sayari hiyo. Huko maji yalikwisha zamani. Ardhi yake ina joto la kuyeyusha risasi. Usawa wao ni wastani tu, yaani kila bonde na kila kilele vimechangia kidogo katika kuuweka.

Je, vipimo ni uongo?

Msomaji mmoja atasema: kumbe kila mtu huchagua pake pa kuanzia, basi hakuna mlima mrefu wala mfupi, na habari zote za vimo ni porojo. Nimelisikia neno hili likisemwa pia juu ya mambo makubwa kuliko milima, juu ya wema na ubaya, juu ya haki na dhuluma. Sikubaliani nalo.

Usawa ni makubaliano, lakini mlima si makubaliano. Ukishataja unapoanzia, jibu halikutegemei tena wewe, wala nchi yako, wala mapenzi yako. Mtaliano na Mkonjo wakipima Margherita kutoka mahali pamoja kwa vyombo vilivyo sahihi, watapata mita zilezile, hata kama jina la kilele wanabishania. Uhuru wetu umo katika kuuliza swali. Katika kulijibu hatuna uhuru. Na kila swali lina haja yake. Rubani apitaye usiku juu ya Rwenzori hana haja ya kujua mlima umeanzia wapi. Anataka kujua kilele kiko wapi juu ya bahari, kwa kuwa chombo chake nacho kimetengenezwa kwa kipimo hicho, na akikosea atakufa. Mchukuzi apandaye na mzigo kutoka Nyakalengija anayo haja nyingine: ataka kujua ni mita ngapi zimebaki mbele ya miguu yake. Rubani na mchukuzi wakipeana tarakimu bila ya kuambiana zimeanzia wapi, wote wawili watapotea ingawa hapana aliyesema uongo.

Kwa hiyo kulinganisha si kosa. Milima haikutani, na kwa sababu hiyo hasa twahitaji kipimo cha kuikutanisha. Kosa ni kulinganisha huku umeficha mahali ulipoanzia, au huku umesahau kwamba uliwahi kupachagua.

Mzigo wa mlima

Liko jambo jingine ambalo tarakimu za vimo hazilisemi. Kwa nini mlima wa Mirihi umekuwa mkubwa kiasi kile? Sababu zinazotajwa na wataalamu ni mbili kuu. Ya kwanza, gamba la Mirihi halitembei kama gamba la dunia. Moto ulitoboa mahali pamoja kwa muda mrefu mno, na mawe yakarundikana juu ya mawe. Ya pili ni uzito. Nguvu ya mvutano huko ni kama asilimia 38 ya ile ya hapa. Jiwe la kilo mia hapa kwetu, huko lingelemea kama la kilo 38. Mlima huinuka mpaka pale miamba ya chini inaposhindwa kuubeba, ikaanza kudidimia. Basi mahali penye mvutano mdogo mlima huweza kwenda juu zaidi kabla ya kulemewa.

Hebu tufanye hesabu nyepesi ya shule. Zidisha kilomita 22 kwa 0.38, utapata kilomita nane na ushei. Maana yake, kama miamba ingekuwa ya aina moja, mawe yaliyo chini ya Olympus Mons yamelemewa kama mawe yaliyo chini ya mlima wa duniani wenye kimo kinachokaribia Everest. Mmoja unaonekana karibu mara mbili na nusu ya mwingine, na mzigo wao unakaribiana.

Hesabu hii niliiandika ubaoni, nikaiangalia, nikashindwa kuendelea na somo.

Darasani

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha wakati huo, nilikuwa na wanafunzi wawili wa kukumbukwa. Mvulana alikuwa mwana wa askari, amekulia kambini, na Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya kucheza. Msichana alitoka wilaya moja ya kati ya nchi. Kwao Kiswahili hakikuwa lugha ngeni tu, kilikuwa kimekatazwa. Bibi yake aliyemlea alikijua kutokana na miaka ya vita, kama lugha ya watu waliobisha mlango usiku wakiwa na bunduki. Wasomaji wa Uganda wanaelewa ninachosema, kwa maana nyumba za namna hiyo si chache. Msichana alifanya mazoezi yake shuleni, kwa kuwa nyumbani asingeweza kusoma kwa sauti.

Katika jaribio la kwanza mvulana alipata alama 74, msichana 9. Mwisho wa mwaka mvulana alipata 78, msichana 52. Siku ya zawadi nilimpa mvulana kamusi, watu wakapiga makofi. Katika ripoti ya msichana niliandika maneno niliyozoea kuyaandika: "Wastani. Aongeze bidii."

Mwaka uliofuata alichagua somo jingine. Sikumwuliza sababu. Nilikuwa na wanafunzi wengi, na tarakimu zangu zilikuwa sahihi.

Naam, zilikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniuma. Sikumdhulumu kwa kumpunguzia hata alama moja. Nilipima kutoka usawa wa bahari nikadhani nimempima mtu mzima. Mvulana alikuwa amepanda alama nne, msichana arobaini na tatu, tena katika ardhi yenye mvutano mzito kuliko ya mwenzake. Hayo yote niliyaandika kwa neno moja: wastani.

Sisi walimu wa Kiswahili wa Uganda tungepaswa kuwa wa mwanzo kulielewa jambo hili, kwani lugha yetu wenyewe imepimwa hivyo. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ilikubaliwa kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne, Uganda ikiwa mojawapo. Tangu mwaka 1952 kwa muda wa miaka kadhaa makao ya Kamati hiyo yalikuwa papa hapa Makerere. Makubaliano yale yalikuwa na faida kubwa, nami hula mkate wangu kwayo. Lakini hayakuwa na maana kwamba Kimvita au Kiamu vilikuwa mabondeni. Ulichaguliwa usawa, basi. Na tangu hapo Mganda afunguapo kinywa chake husikilizwa na watu waliosimama ufukweni. Serikali ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kikatajwa katika mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto wanaokuja sasa madarasani mwetu wataanzia mahali mbalimbali kuliko wakati wowote uliopita.

Nilipolizungumza jambo hili na mwalimu mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, alinipinga vikali. "Mtihani ni mtihani," alisema. "Mgonjwa akielezwa na mwuguzi namna ya kumeza dawa, hana haja ya kujua mwuguzi yule alianzia alama ngapi. Anataka kufahamu ameze vidonge vingapi." Asemavyo ni kweli. Yeye anazungumza kama rubani, na rubani ana haki yake. Tukiuondoa usawa wa bahari kwa huruma, tutawadhuru hasa wale tunaowahurumia, kwa kuwa ulimwengu utawapima kwa usawa huo siku watakapotoka mikononi mwetu.

Nitaongeza la pili ambalo hakulisema. Kumpima mtu kutoka kwao tu nako kuna tusi lake. Nimewahi kusifiwa ugenini kwa maneno haya: "Kiswahili chako kizuri, kwa mtu wa Uganda." Msifu alikusudia wema. Mimi nilisikia kwamba ameniwekea mlima mdogo kando, nicheze nao peke yangu.

Basi tufanye nini? Naona hatuna budi kusema mambo mawili kila tunapompima mtu: amefika wapi, na ametoka wapi. La kwanza tunalo katika ripoti zetu. La pili latugharimu kazi, maana halipatikani katika karatasi ya mtihani; hupatikana kwa kumwuliza mtoto anaishi na nani, na nyumbani husemwa nini, na kwa nini. Siku hizi huandika tarakimu mbili katika kila ripoti, ya kimo na ya mwendo. Wazazi wawili watatu wamenilalamikia kwamba nawachanganya. Mmoja alitaka kujua ni ipi iliyo alama ya kweli. Nilimwambia zote mbili, akaondoka akitikisa kichwa.

Ama yule msichana, nilikutana naye katika duka la vitabu hapa mjini, amekuwa mtu mzima mwenye kazi yake. Nilimwamkia kwa Kiswahili, akaniitikia "Marahaba, mwalimu," kisha akakosea, akacheka kwa sababu alikumbuka kwamba mdogo ndiye aamkiaye. Tukaendelea kwa Kiingereza. Sikuweza kujizuia, nikamwuliza kwa nini aliacha. Hakunijibu kwa hasira. Alisema: "Mwalimu, uliniandikia niongeze bidii. Nilitafuta mahali pa kuitoa, sikupaona."

Methali ilisema kweli kwamba binadamu hukutana. Nami nimeandika haya ili mwalimu kijana anayesoma jarida hili, ambaye kalamu yake iko juu ya ripoti hivi sasa, ajiulize swali la yule mvulana wa safu ya nyuma kabla ya kuandika neno "wastani".